Ruta ya Nyumbani na Haki ya Mwenye Nyumba

Ukiingia leo katika nyumba ya mwalimu, ya mnunuzi wa mahindi au ya katekista katika kijiji cha Mwazye, mkoani Rukwa, ukauliza kwa nini simu haifungui ukurasa hata mmoja ilhali ruta inawaka dirishani na jina la waifai linaonekana kwenye kioo, jibu utakalopewa aghalabu ni kwamba mtandao unasumbua. Kwa jibu hilo kampuni ya simu hulaumiwa, mnara hulaumiwa, mvua hulaumiwa, na baada ya lawama zote hizo mwenye nyumba hununua kifurushi kingine juu ya kile ambacho hakijaisha, au huitia ruta yake mfukoni akapanda nayo gari mpaka Sumbawanga kumtafuta fundi, ambaye ataishika kwa dakika chache, ataizima na kuiwasha, kisha atadai ujira wake. Nasema, na nasema kwa uchungu kwa kuwa jambo hili lanigusa, kwamba mara nyingi fedha hizo na safari hizo hupotea bure. Kwani kasoro haiko mnarani wala haiko kwa kampuni, bali imo ndani ya nyumba, katika kazi ndogo ya kugawa anwani ambayo ruta huifanya usiku na mchana, na ambayo mwenye ruta hajapata kuelezwa na mtu yeyote.

Wala asiseme mtu kwamba hili ni jambo la anasa. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne huyatazama matokeo yake katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Aliyepata nafasi ya chuo kikuu huuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa njia ya mtandao, na dirisha la maombi hufungwa siku yake ikifika, bila ya kumngoja mwenye ruta mbovu. Malipo ya Serikali hayapokelewi bila namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Na hata usajili wa mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku siku hizi umo katika kompyuta. Nyumba iliyokatika mtandao kwa juma zima imekatika na mambo hayo yote, na familia iliyo mbali na mji hulipia kukatika huko kwa nauli.

Nchi imefanya kazi kubwa kuufikisha mtandao mpaka mlangoni. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, muradi wake ukiwa kuyafikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida. Mkongo wa SEACOM ukatua Dar es Salaam mwezi Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na katika miaka hiyohiyo Serikali ikawa inautandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Halotel nayo ilipoanza biashara mwezi Oktoba 2015 ilielekeza nguvu zake vijijini. Leo mtu aliyesimama katika uwanda wa juu wa Ufipa, karibu na misheni ya kale waliyoijenga Mapadre Weupe, aweza kuzungumza kwa picha na mwanawe aliye Muscat. Lakini hatua za mwisho za safari hiyo, zile kutoka katika ruta hadi katika simu iliyo mkononi, zimeachwa bila mwalimu, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Kila chombo kinachosema na vingine katika mtandao sharti kiwe na anwani ya IP, nayo ni safu ya namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Nyumbani mgawaji wa anwani hizo ni ruta, kwa utaratibu uitwao DHCP, ambao Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, aliuandika rasmi Oktoba 1993, na waraka wake ambao ndio msingi wa kazi hii mpaka sasa ukatoka Machi 1997. Ruta katika kazi hiyo ni mfano wa karani wa nyumba ya wageni aliyekaa na daftari lake mlangoni. Simu ikiingia, hupiga mbiu kuuliza kama kuna karani; karani huitika na kutaja chumba kilicho wazi; simu husema kwamba yakitaka chumba hicho; naye karani hukiandika katika daftari kwa jina la mgeni na kumthibitishia. Semi nne tu, na zote hupita kwa kufumba na kufumbua. Chumba hakitolewi kwa milele, bali kwa muda, pengine saa 24, na nusu ya muda huo ikipita simu yenyewe hurudi kimyakimya kuomba iongezewe. Mambo yote ya heri na ya shari yanayotokana na anwani za nyumbani yamo katika mazungumzo haya mafupi: ama mbiu haikusikika, ama vyumba vimejaa, ama makarani wamekuwa wawili, ama kuna mgeni aliyejiingiza chumbani bila ya kuandikwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi kila simu isipewe anwani yake ya kudumu na mambo yakaisha. Jibu ni uhaba. Anwani za mtindo huu wa namba nne, ulioandikwa mwaka 1981, ni 4,294,967,296 kwa jumla, wala hazikutosha dunia iliyokuja baadaye. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake ya mwisho, na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius linalogawa anwani katika bara letu, liliingia katika awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Kwa bahati njema wataalamu waliliona jambo hili mapema, wakatenga mwaka 1996 mafungu matatu ambayo kila nyumba na kila ofisi yaruhusiwa kuyatumia ndani kwake bila ya kuomba idhini ya mtu: linaloanza na 10, linaloanzia 172.16 hadi 172.31, na linaloanza na 192.168. Ndiyo sababu 192.168.1.5 yaweza kuwa simu ya mtu katika Mwazye na wakati huohuo ikawa televisheni ya mtu katika Oslo, na wasigongane kamwe, kwa kuwa namba hiyo haitoki nje ya mlango wa nyumba; ruta ndiyo inayotoka kwa niaba ya wote.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, vibao vikapigwa mitaani na nyumba zikapewa namba, kwa itikadi iliyo sahihi kabisa kwamba asiye na anwani ni vigumu kuhudumiwa. Itikadi hiyo haikomi kizingitini. Nani amemfundisha mwenye nyumba kuisoma anwani ya simu yake mwenyewe?

Na kuisoma si kazi. Katika simu, fungua mipangilio, ingia kwenye waifai, gusa jina la mtandao wako, na namba itaonekana. Katika kompyuta ya Windows, fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, kisha bonyeza. Ukiona namba inayoanza na 192.168, na lango, yaani namba ya ruta yenyewe, likaanza kwa tarakimu hizohizo, basi karani amefanya kazi yake, na kasoro yako itafute mbele zaidi: kifurushi, laini, au mnara. Ukiona namba inayoanza na 169.254, fahamu kwamba kompyuta ilipiga mbiu, haikuitikiwa, ikajipachika namba yenyewe, na kwa namba hiyo haitoki nje hata ukinunua vifurushi vya mwaka mzima. Simu za Android kwa kawaida hazijipachiki namba. Zenyewe husota zikitafuta anwani, kisha hukata tamaa na kuuacha mtandao. Tofauti baina ya hali ya kwanza na hii ya pili ndiyo tofauti baina ya kununua vocha kwa sababu na kuinunua bila sababu, na mtu huijua kwa kutazama tarakimu za mwanzo tu.

Katika mkoa wetu chanzo ninachokikuta zaidi ni umeme. Sumbawanga kwa miaka mingi imetumia umeme ulionunuliwa kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa, na asiyejua kukatika kwa umeme hajaishi Rukwa. Ruta nyingi za bei nafuu huliweka daftari lao katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Umeme ukirudi, karani huamka na daftari jeupe, ilhali kompyuta yenye betri haikuzimika na bado yaishikilia namba yake ya tangu asubuhi. Simu nyingine ikiwahi kuomba, huenda ikapewa namba ileile, na hapo vyombo viwili huitika kwa anwani moja, kila kimoja kikipokea nusu ya majibu ya mwenzake. Dawa yake ni kufuata mpango: ruta iwashwe kwanza, iachwe mpaka taa zake zitulie, kisha kila chombo kizimwe waifai na kuwashwa tena ili kiombe namba upya. Anayetumia kompyuta aweza kuandika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, na kompyuta itairudisha namba ya zamani na kuomba mpya. Watu wengi hufanya kinyume, wakihangaika na simu ruta ikiwa haijamaliza hata kuamka.

Chanzo cha pili ni mapenzi ya kuueneza mtandao. Mtu mwenye nyumba ndefu, au mwenye duka mbele na makazi nyuma, hununua ruta ya pili, huiunga na ya kwanza kwa waya, na hufurahi kuona alama imejaa mpaka jikoni. Hakuambiwa dukani kwamba ruta ya pili nayo ni karani kamili, mwenye daftari lake, na kwamba simu inayopiga mbiu humfuata karani aliyetangulia kuitika. Leo simu imepata namba kwa wa kwanza, yaenda vizuri. Kesho imepata kwa wa pili, ambaye lango analolitaja halielekei popote. Hii ndiyo ile kasoro inayokuja na kuondoka hata watu wakaitilia shaka nyumba yenyewe. Karani mmoja sharti astaafu: uingie katika mipangilio ya ruta ya pili, uizime DHCP yake, na uipe yenyewe namba isiyofanana na ya kwanza, mathalani 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1. Kazi hiyo ni ya mara moja tu.

Namba zilizoandikwa kwa mkono sitazikalia sana. Kompyuta iliyotoka ofisini mara nyingine huwa imefungiwa namba ya huko, na ikifika nyumbani haimsikilizi karani wa huku. Irudishwe katika hali ya kupokea namba yenyewe, na mashine ya kuchapisha inayohitaji namba isiyobadilika itengewe namba hiyo ndani ya daftari la ruta.

Bali jambo la vyumba kujaa nitalisimulia kama nilivyoliona katika nyumba ya mzee mmoja wa Mwazye, mwalimu mstaafu, siku za Krismasi, watoto na wajukuu walipokuwa wamerudi kutoka Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam. Ruta yake ndogo ya laini ilikuwa imesimamishwa juu ya kingo ya dirisha linaloelekea mnara, waya wake umefungwa kwa kitambaa usichezewe na watoto. Kijana mmoja alikuja na simu yake akamwambia, "Babu, mtandao wako umekufa." Mzee akamjibu, "Haujafa, mjukuu wangu. Mimi hapa nasoma gazeti." Na kweli alikuwa akisoma, na waliowahi kufika walikuwa wakiendelea na mambo yao, waliofika jioni ndio waliosota. Hiyo ilikuwa dalili iliyo wazi kuliko zote: chombo kimoja kinapata na kingine hakipati, katika nyumba moja na saa moja. Tulipotaka kufungua mipangilio ya ruta kwa kuandika 192.168.8.1 katika kivinjari, ilidai nywila ya msimamizi, na nywila iliyobandikwa chini ya ruta ilikataliwa. Fundi aliyeifunga, mtu wa mjini, alikuwa ameibadilisha na kuondoka nayo. Alipopigiwa simu alisema kwamba yuko safarini, na kwamba akitumiwa fedha kidogo ataitaja.

Fedha zikatumwa, nywila ikatajwa, na daftari likafunguka mbele yetu. Vyumba vilivyoruhusiwa vilianzia 192.168.8.100 na kukomea 192.168.8.109, yaani 10 tu, na muda wa kila mgeni ulikuwa saa 24, hata simu iliyokwisha kuondoka na mwenyewe kwenda kanisani ilikuwa bado imekishikilia chumba chake. Kikomo kikapelekwa 192.168.8.200, muda ukapunguzwa uwe saa 2, ruta ikaanzishwa upya, na kabla ya chakula cha usiku kila mtu alikuwa amepata. Haikuongezwa vocha hata ya shilingi moja. Niongeze kwamba simu za sasa huzidisha msongamano huu, kwani tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zimezoea kulificha jina lao la kiwandani, yaani anwani ya MAC, na kujiita kwa jina la kubuni. Ile iliyopangwa kulibadilisha jina hilo mara kwa mara huonekana kwa karani kuwa mgeni mpya kila irudipo. Tena kuna ruta za mfukoni ambazo hazipokei zaidi ya vyombo 10 kwa wakati mmoja hata daftari liwe pana namna gani. Hizo hazina dawa ila kununua iliyo kubwa zaidi, na muuzaji mwaminifu hulisema hilo kabla ya kupokea fedha.

Ile nywila iliyotajwa kwa malipo ndiyo iliyonifanya niandike. Mzee yule aliinunua ruta kwa fedha zake, ameiweka nyumbani kwake, analipia kifurushi chake kila mwezi, na bado hakuwa na uwezo wa kulifungua daftari la wageni wa nyumba yake mwenyewe. Fundi anayeibadilisha nywila ya msimamizi hafanyi kosa, kwani nywila ya kiwandani yajulikana na kila mtu na kuiacha ni hatari. Kosa ni kuondoka nayo. Afanyaye hivyo kwa kusahau yapasa akumbushwe, na afanyaye kwa makusudi ili aitwe tena amejitengenezea kodi isiyowekwa na sheria yoyote.

Tena madhara yake hayakomi kwenye fedha. Mtu aliyefungiwa nje ya ruta yake hatimaye huchukua sindano na kuitia katika kile kitundu kidogo kilicho nyuma, akaibonyeza mpaka taa zizimike zote, kwa kuwa jirani alimwambia kwamba hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Kuizima ruta na kuiwasha ni jambo moja, nalo halina madhara. Kuitia sindano ni jambo jingine kabisa, kwani huirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai hupotea, nywila zote hupotea, na katika ruta ambazo kampuni ilizijaza majina na siri zake za kuingilia, hizo nazo hupotea, na ruta iliyokuwa na kasoro ya anwani sasa haitoki nje kabisa. Nimeona ruta nzima zikitupwa kabatini kwa sababu ya sindano. Kabla ya kuishika sindano, isahaulishe simu mtandao ule na uuingie upya kwa nywila. Izime ruta kwa dakika moja. Jaribu chombo kingine ukiwa umesimama karibu na ruta, kwa kuwa mawimbi hafifu huipoteza mbiu njiani. Na utazame kama jirani au mtoto hakuunga ruta nyingine.

Ninachodai basi si kikubwa. Ruta isiuzwe wala isifungwe katika nyumba ya mtu bila ya karatasi moja ya Kiswahili, si kijitabu cha Kiingereza chenye herufi za kusomwa kwa darubini, na karatasi hiyo iwe na mambo haya: namba ya lango, nywila ya waifai, nywila ya msimamizi, anwani ya kwanza na ya mwisho inazozigawa, muda wa kila chombo, na siku ilipofungwa. Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2003 na ambayo huvikagua vifaa vya mawasiliano kabla ya kuviruhusu sokoni, yaweza kulifanya hilo kuwa sharti pasipo gharama inayostahili kutajwa. Na shule za sekondari zenye kompyuta, ziwe za Serikali au za kanisa, ziwafundishe vijana kuisoma anwani ya IP mwanzoni kabisa mwa somo, kwa maana kijana aliyejua hilo atawasaidia majirani zake wa mtaa mzima wakati wa likizo.

Najua watakaosema kwamba kumpa mzee wa kijijini nywila ya msimamizi ni kumkaribisha aiharibu ruta. Sikubaliani nao. Watu wa Ufipa ni watu ambao babu zao walijenga matanuri marefu ya udongo wakayeyusha chuma kwa hesabu ya udongo, makaa na upepo, bila ya kuongozwa na mgeni. Wajukuu wao hawatashindwa na kurasa mbili za mipangilio. Wanachonyimwa si akili, ni karatasi. Na aliye na hofu ya kuharibu aandike kwanza namba zilizokuwapo kabla ya kubadilisha hata moja, kama afanyavyo fundi aliye makini.

Yako, bila shaka, masiku ambayo kosa ni la kampuni kwa yakini. Simu ina 192.168, lango linaitika, vyombo vyote vya nyumbani vyaonana, kifurushi kipo, na bado hakuna kinachofunguka. Hapo piga simu huduma kwa wateja, na usiseme kwamba mtandao unasumbua. Sema kwamba vyombo vimepata anwani, ruta inaitika, taa ya laini ni ya rangi fulani, na tatizo limeanza saa fulani. Mtoa huduma aliyeambiwa hayo hawezi kukurudisha kwenye kuzima na kuwasha. Itambidi aitazame laini yako na mnara wako siku hiyohiyo.